Punda, Mwambie Daktari

Mimi ni daktari wa mifugo, na ujuzi wangu mkubwa ni ule ambao Kisumu hauna mteja: kushona farasi jike walioraruka wakizaa. Niliupata kwenye mashamba ya Bonde la Ufa, kwa watu wanaofuga farasi wa mbio na kuwapa majina marefu kuliko ya maaskofu. Kisha nikaoa binti wa Asembo Bay, tukahamia Kisumu, nikagundua kwamba nimefungua duka la makoti mazito kando ya ziwa. Hapa niliitwa kwa ng'ombe aliyevimba tumbo, kuku wanaokohoa, na mbwa wa watu wenye lango la chuma. Farasi niliwaona siku za sikukuu tu, wawili watatu waliokonda, wakipigwa picha na watoto.

Kwa hiyo jioni moja mke wangu aliponiambia, akimenya viazi bila kunitazama, kwamba punda wa mama yake hajisikii vizuri, sikushtuka. Nilimuuliza, hajisikii vizuri vipi? Akasema, vibaya tu. Wapi? Upande wa huko. Huko wapi? Akachukua kiazi ambacho alikuwa ameshakimenya, akaanza kukimenya upya.

Mama mkwe wangu alikuwa amemwambia mke wa mwanawe, naye akamwambia mke wangu, na kila aliyeipokea ile habari aliivika nguo moja zaidi, mpaka iliponifikia ilikuwa imevaa koti na kofia. Nilipomaliza kuivua nikakuta jambo lenyewe ni hili: punda alikuwa amezaa mtoto wake wa kwanza, mtoto mzima, mwenye afya, na tangu siku hiyo mavi ya mama mtu yalikuwa yakitokea mahali ambapo mavi hayana ruhusa ya kutokea.

"Alizaa lini?" niliuliza.

"Kabla ya Pasaka."

Mvua za masika zilikuwa zimeshakuja na kwenda. "Na hamkuniambia? Nyumba ina daktari wa jambo hilo hilo, pengine wa pekee huku kote!"

"Mama angekuambia nini?" mke wangu alisema, na safari hii alinitazama. "Wewe si mkwe wake?"

Alikuwa na haki. Mimi kwetu ni upande wa Port Victoria, na zamani kwetu mtu akikutana na mama mkwe wake njiani, mmoja wao alijitosa kichakani mpaka mwenzake apite. Kwao Asembo vichaka vimepungua lakini heshima haijapungua. Mkwe husalimia kutoka mbali, huketi karibu na mlango, hali mpaka ashibe, na halali katika nyumba ile hata mvua ikinyesha mawe. Na kuhusu mambo ya mwili, hasa ya kuanzia kiunoni kushuka chini, mama mkwe na mkwe wake hawana mwili. Wana vichwa, mikono ya kupokea chai, na basi. Waswahili husema mficha uchi hazai, lakini Waswahili hao hawakuwa na mama mkwe wa Asembo.

Huyu wangu alikuwa mjane, mrefu, mkali wa macho, anayeishi peke yake katika boma lililo juu kidogo ya ufuo. Punda ndiye aliyekuwa mwenzake. Kila siku waliteremka ziwani pamoja na kupanda na mitungi ya maji, wakateremka tena, wakapanda tena. Majirani walimtania kwamba anahamisha ziwa polepole alilete uani. Mtu mmoja, walisema, na maji ya harusi! Kamba yake ya nguo haikuwahi kuwa tupu. Leso zilipepea pale siku zote, zilizofuliwa juzi zikipisha za leo. Mimi nilijua tu kwamba mama mkwe wangu ni msafi kupita kiasi, na mkaidi. Kanisani aliketi benchi la nyuma karibu na mlango na kuondoka kabla ya matangazo. Kwetu Kisumu hajawahi kulala. Kwenye harusi yetu alisimama tangu mwanzo hadi mwisho, wazee wakampisha viti, akakataa vyote.

Mwanawe, yaani shemeji yangu, ana duka la vipuri vya pikipiki Kondele, mtaa wa Kisumu, na kwa muda mrefu alikuwa akitaka kumhamisha mama yake aende kuishi naye. Punda alipoharibika, shemeji aliona mlango umefunguka. Tulikwenda naye Asembo Jumamosi ile, mimi nikiwa na shati la mikono mirefu na tai, kwa sababu mkwe haingii boma la wakwe na ovaroli.

"Mathe, hii punda imeisha," shemeji alisema, tukiwa tumekaa uani, mimi mbali kama inavyotakiwa. "Inanuka, watu wanacheka. Tuuze. Kuja Kondele, kuna stima, kuna maji ya mfereji."

"Siku gani?" aliuliza mama yake.

"Siku gani nini?"

"Hiyo maji ya mfereji. Inakuja siku gani?"

Shemeji alikohoa. Kondele kuna siku mfereji hutoa upepo tu.

"Mimi siwezi kaa kwa nyumba ya maji ya kungoja," mama alisema. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na niliona mkono wake umeshika ukingo wa stuli kwa nguvu. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyeweka mkataba, mbele yetu sote. "Punda ikipona, nabaki hapa mpaka Mungu aniite. Isipopona, nitaenda Kondele. Sitasema tena."

Akaingia ndani. Nilimwona akipita karibu na yule punda na kumgusa shingo, na nilijua kwamba nimekuja kushona nyumba ya mtu. Niliogopa, na siogopi ovyo. Kwa farasi wa matajiri, kazi ikiharibika, mwenye farasi ana wengine.

Nikamwangalia mgonjwa, mama akiwa bado ndani, kwa heshima. Kwa asiyejua: kule nyuma ndani ya punda jike kuna vyumba viwili vilivyopangana, cha juu cha kupitisha mavi na cha chini cha kupitisha mtoto, na kati yao dari nyembamba ya nyama. Mtoto wa punda hutoka miguu ya mbele ikitangulia. Mguu mmoja ukielekea juu, kwato hutoboa dari; mama akisukuma, dari yote hupasuka mpaka nje, na vyumba viwili vinakuwa ukumbi mmoja. Huyu alikuwa amepasuka hivyo hasa. Kidonda chenyewe kilikuwa kimeshakauka, kingo zake safi, na hapo nilitaka kucheka. Mraruko wa namna hii haushonwi siku ile ile. Nyama mbichi imevimba, haishiki uzi. Daktari mwenye akili hungoja wiki nyingi. Ile aibu yote ya kupitisha habari jikoni kwa jikoni ilikuwa imefanya kile ambacho mimi mwenyewe ningeamuru.

Shida ilikuwa kwamba yule punda aliuma kila mtu. Alimuuma shemeji begani, akajaribu tai yangu. Mtu mmoja tu aliweza kumshika kichwa akatulia, na mtu huyo alikuwa mama mkwe. Na mimi kazi yangu ilikuwa upande wa pili, mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Yaani mkwe na mama mkwe wake walitakiwa kusimama urefu wa punda mmoja, siku nzima ya kazi, mmoja akitazama masikio na mwingine akitazama yale mengine.

Shemeji alitaka tuahirishe tutafute mtu. Mama alikwenda kwenye kamba yake ya nguo, iliyotoka pembe ya jiko hadi kwenye mwarobaini, akazipanga leso zikakutana ukingo kwa ukingo, kisha akampitisha punda chini yake. Kichwa kikawa upande wake. Makalio yakawa upande wangu. Katikati, ukuta wa leso unaopepea, na juu ya mgongo wa mnyama mistari ya methali iliyofuliwa mpaka herufi zikafifia. Akina mama wawili wa kanisa waliokuwa wakipita na ndoo walitua ndoo zao wakaketi juu ya mawe, kama watu waliolipa kiingilio.

Nikavaa aproni ya plastiki juu ya tai. Nikampa punda dawa ya kumtuliza, nikamchoma sindano ya ganzi kwenye maungio ya mkia, shemeji akaushika mkia kando huku uso wake ukielekea ziwani kwa imani kubwa.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili.

"Punda," ilisema, "uliza daktari kama hiyo sindano imeingia."

Nilifikiri kidogo. "Punda," nikasema, "mwambie mama imeingia. Sasa hivi hata nikikufinya hutasikia."

"Punda, mwambie daktari asikufinye basi."

Akina mama wa kanisa waliangua kicheko, na kuanzia hapo njia ilikuwa imepatikana. Hakuna chik, yaani sheria ya mila ya Wajaluo, iliyokataza mtu kuongea na punda. Nilimweleza yule punda mambo ambayo nisingethubutu kumweleza mama mkwe wangu hata kwa barua: kwamba namsafisha, kwamba nachana kingo za kidonda ili ziwe mbichi zishikane, kwamba naanza kuijenga dari kutoka ndani nikitoka nje. Mama alimuuliza punda maswali, na yalikuwa maswali mazuri. Damu ni nyingi? Uzi unabaki ndani ama unatolewa? Atazaa tena? Punda mwenyewe, akiwa amelewa dawa, alining'iniza mdomo wa chini na kupokea yote.

"Punda," alisema baadaye, "uliza daktari kama tulikawia kumwita."

"Mwambie mama hakukawia hata kidogo. Kidonda kibichi hakishiki uzi. Kimengoja vizuri."

Leso zilipepea.

"Na kama ingengoja sana? Kama ingengoja miaka?"

"Hata miaka," nilimwambia punda, nikivuta fundo. "Kikishakauka, kinashonwa. Kinampa fundi kazi zaidi, lakini kinashonwa."

Hakumuuliza punda kitu kingine kwa muda mrefu, mpaka shemeji akachungulia kuona kama mama yake yupo.

Nilimaliza jua likiwa limeelemea ziwa. Nikatoa masharti kwa punda, kwa sauti ya kusikika: mavi yawe laini, maana mavi magumu yatapasua dari mpya. Majani mabichi tu, pumba zilizolowekwa, mafuta kidogo. Mahindi makavu ni marufuku.

Nisichokijua ni kwamba wale akina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kupitisha uamuzi. Aliyezaa akashonwa ni mzazi, na mzazi hutembelewa. Siku zilizofuata boma lile lilipokea unga wa wimbi, kuku mmoja, nguo ya mtoto iliyofumwa, omena, na kwa bahati mbaya debe la mahindi, ambalo jirani mmoja mwenye huruma alimlisha mgonjwa wakati mama ameteremka kuchota maji kwa kichwa.

Simu yangu ililia nikiwa sokoni Kibuye. Namba ilikuwa ya mama mkwe, ambaye hajawahi kunipigia maishani.

"Daktari," alisema. "Punda iko hapa. Inataka kuongea na wewe."

Nikasikia pumzi nzito na kishindo cha sikio kwenye simu. Kwa mbali, sauti yake: "Mwambie. Mwambie tangu jana hujatoa kitu."

"Punda!" nilipiga kelele katikati ya soko, na muuza nyanya akanigeukia. "Mahindi nani amekupa? Mwambie mama akunyweshe mafuta ya kupikia, na maji mengi, na akutembeze! Na jioni unipigie!"

"Imesikia," alisema mama, akakata.

Niliondoka sokoni bila nyanya. Siku ile sikula. Nilimwona akilini mama mkwe amekaa kwenye kochi la Kondele akisikiliza mfereji ukitoa upepo, na nilimlaani yule jirani mwenye huruma kwa Kinyala, lugha ya kwetu ambayo naihifadhi kwa mambo mazito. Jioni simu ililia. Pumzi nzito tena, kisha sauti ya mbali, na ndani yake furaha ambayo sikuwahi kuisikia: "Mwambie! Mwambie umetoa, na ni laini, na imetoka kwa mlango yake!"

Nilimkumbatia mke wangu. Aliniuliza kuna nini, nikamwambia ni habari za punda, mambo ya faragha.

Wiki chache baadaye nilirudi kutoa nyuzi za nje. Shemeji alikuwa amekuja nami lakini alikuwa ameshuka ufuoni kutafuta samaki wa mbuta. Wale akina mama wenye ndoo hawakuwepo. Mtoto wa punda alikuwa amelala juani, miguu imetupwa ovyo. Leso zilikuwa zimeshapangwa kwenye kamba kabla sijafika, na kichwa kiko upande wake, na makalio upande wangu. Dari ilikuwa imeshika. Nilisema hivyo kwa punda, na nikasema tena, kwa sababu ilikuwa tamu kuisema: amepona, mama abaki nyumbani kwake.

"Ero kamano," ilishukuru sauti, punda au Mungu, sijui.

Nikawa nakata nyuzi. Kisha akaanza tena, polepole, kama mtu anayeteremka mahali penye utelezi.

"Punda. Wewe umeshonwa, umepona. Sasa mwambie daktari kuna mama mwingine kwa hii boma. Huyo haja kubwa haina shida. Ni ile ndogo. Inatoka tu. Mchana, usiku. Haiulizi mtu."

Mkasi wangu ulisimama.

"Punda," nilisema. "Muulize huyo mama tangu lini."

"Tangu azae msichana wake wa mwisho. Aliumwa siku mbili hapa nyumbani, barabara ilikuwa maji, hakuna gari. Mtoto akatoka mzima. Mama ndiye alipasuka." Alivuta pumzi. "Huyo msichana ameolewa. Mume wake ni mtu ya heshima, hata akishona punda anavaa tai. Usimwambie daktari jina yake. Na yeye msichana asiambiwe. Atafikiri ni yeye alifanya."

Nililia pale, nyuma ya leso, tai yangu ndani ya aproni. Punda peke yake ndiye aliyeniona. Leso zile zilikuwa zikining'inia mbele ya pua yangu tangu siku niliyokuja kuposa, na maji yale ya harusi yalipanda kilima kila siku, nami daktari wa mambo hayo hayo nikasema, ni msafi kupita kiasi. Benchi la nyuma. Viti alivyokataa kwenye harusi yetu. Na Kondele, nyumba ya mfereji wa kungoja.

"Punda," nilisema, "mwambie huyo mama kwamba daktari huyu ni wa punda, pale hawezi kugusa. Lakini Kisumu wako madaktari wa akina mama, na wako wanawake wenzake, kazi yao ni hiyo hiyo. Wameshona wengi. Yeye si wa kwanza wala si wa ajabu."

"Lakini imekaa sana. Huyo msichana sasa ana watoto."

"Nilisema siku ile kwamba hata miaka."

"Ulisema," alisema.

Hakusema "mwambie daktari alisema." Alisema "ulisema," moja kwa moja, akiwa amesahau mnyama kati yetu, na sote wawili tukashtuka kidogo, na hakuna aliyeingia kichakani.

Alikwenda Kisumu baada ya mavuno. Mimi nilikuwa dereva tu, nikatazama barabara. Mke wangu aliambiwa na mama yake mwenyewe, wakiwa wawili wodini. Alirudi nyumbani macho yamevimba akakaa karibu nami usiku ule. Alichoniambia baadaye, na tayari ni zaidi ya anachopaswa kujua mkwe, ni kwamba mama alipotoka hospitali alilala Kondele kwa mwanawe, akaamka alfajiri, akalipapasa godoro, akalipapasa tena, akaanza kuimba wimbo wa kanisa mpaka nyumba nzima ikaamka. Shemeji alidhani sasa amependa mjini. Mama alimwambia ampeleke nyumbani, kuna punda.

Majuzi simu yangu ililia tena.

"Daktari. Punda inataka kuongea na wewe."

Pumzi nzito. Kishindo cha sikio. Kisha ile sauti ya mbali:

"Mwambie. Mwambie siku hizi unashuka ziwa mara moja tu, unarudi, unalala. Maji inabaki. Mwambie unanenepa, na kamba ya nguo haina kitu."

Nikamwambia punda apumzike, ameshafanya kazi ya kutosha.